Bunduki Nyepesi ya Bolti: Kufufua Mauser, Kununua Iliyo Tayari au Kujiundia Yako

Mwana wa kaka yangu, ambaye sasa ni mkazi wa kudumu katika jimbo la Montana nchini Marekani, ameniandikia akiniuliza hivi: "Baba Mdogo, wewe uliyetunza ghala la silaha miaka yote ile, ungekuwa mimi ungechukua njia gani?" Anataka bunduki ya kuwindia elki, mnyama wa jamii ya kulungu aliye mkubwa kuliko tandala wetu lakini mdogo kuliko pofu, na anaitaka iwe nyepesi kwa sababu milima anayopanda huvuka mita 2,500. Amewekewa mezani njia tatu. Ya kwanza ni kununua mtambo wa zamani wa Mauser, bunduki ya Kijerumani, na kuufufua (mtambo ni ule mwili wa chuma pamoja na bolti, yaani kipande kinachovutwa na kusukumwa kwa mkono ili kuingiza risasi na kutoa ganda), ya pili ni kununua bunduki nyepesi iliyotoka kiwandani, na ya tatu ni kukusanya kila kipande apendacho na kumpa fundi amuunganishie. Nimeona nimjibu kwa urefu, nikiwa hapa Bahati, Nakuru, kwa kuwa wapo Wakenya wengine huko ng'ambo wanaojiuliza swali lilo hilo.

Msomaji aliye nyumbani aelewe kwanza kwamba ulinganisho huu haumhusu kwa vitendo. Uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikaendeleza katazo hilo. Silaha zenyewe zinasimamiwa na Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na kuunda bunduki bila idhini ni kosa kubwa, hata kama fundi wako wa jua kali ana mkono wa dhahabu. Nchini Marekani mambo ni tofauti. Kisheria, kinachohesabiwa kuwa bunduki ni mwili wa mtambo wenye nambari ya usajili, nao hununuliwa kwa muuzaji mwenye leseni baada ya mnunuzi kuchunguzwa, ilhali mtutu na kitako huuzwa kama vipuri vya kawaida. Mkazi wa kudumu anaruhusiwa kumiliki; aliye huko kwa viza ya muda, kama vile mwanafunzi, kwa jumla haruhusiwi ila awe na leseni halali ya uwindaji au aingie katika msamaha mwingine uliotajwa na sheria. Montana nayo inamtaka mwindaji aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1985 awe amepita mafunzo ya uwindaji kabla ya kupewa leseni. Jambo moja nimemsisitizia mwanangu: asithubutu kutia mtutu wala bolti ndani ya sanduku la nguo anapokuja nyumbani Desemba, kwa maana kile ambacho kule ni kipuri, katika uwanja wa ndege ni kesi.

Sasa tuje kwenye uzito wenyewe. Bunduki ya kawaida ya kuwindia, yenye kitako cha mbao na mtutu wa chuma wa unene wa wastani, huwa na kilo 3.2 hadi 3.6 kabla ya kufungwa darubini. Ikishuka chini ya kilo 3, wenye mambo huiita nyepesi, na ikishuka chini ya kilo 2.5 huwa imeingia katika daraja la bunduki za milimani, ambalo lina raha zake na adhabu zake. Raha utaisikia begani saa ya nne ya kupanda, na adhabu utaisikia begani vilevile, ila ni wakati wa kufyatua. Kwa risasi ileile na baruti ileile, nguvu ya teke la bunduki huongezeka kadiri uzito unavyopungua, kiasi kwamba bunduki ya kilo 3 hupiga teke lenye nguvu zaidi kwa theluthi moja kuliko ya kilo 4, na ukiupunguza uzito kwa nusu, teke huwa maradufu. Hili si jambo la kutiliwa shaka wala la kuzoeleka kwa ujasiri. Mtu akishaliogopa teke, hufumba macho na kuukaza mkono kabla ya risasi kutoka, na hapo shabaha huwa imekwisha kuharibika.

Nianze na Mauser, kwa kuwa ndiyo inayomvutia mwanangu zaidi, na nakiri kuwa hata mimi moyo wangu huwa upande huo. Mtambo wa mfano wa 1898 una ukucha mrefu ubavuni mwa bolti unaoikamata risasi mara tu inapotoka katika magazini na kuishika hadi ganda lirushwe nje, kwa hiyo hata mtu akivuta bolti nusu akasita, risasi haianguki wala haikwami. Mitambo mingi ya kisasa, ikiwemo ile ya Remington 700 iliyotoka mwaka 1962, huisukuma risasi mbele kwanza, na ukucha wake mdogo huishika bolti inapofungwa. Kwa elki anayekimbia, tofauti hiyo si kubwa. Kwa mbogo anayekujia, watu wameijadili kwa miaka mingi na bado wengi wanaichagua Mauser.

Aidha, Mauser ina historia inayotugusa sisi Wakenya. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mumias, ambayo leo tunaijua kwa miwa, ilikuwa kituo cha misafara iliyoelekea Karamoja huko Uganda, na miongoni mwa walioondokea hapo alikuwa W. D. M. Bell, Mskoti aliyeua zaidi ya ndovu elfu moja, wengi wao kwa bunduki nyepesi ya Mauser ya milimita 7, risasi iliyobuniwa mwaka 1892. Biashara ile ya pembe hatuisifu, na ndovu wa pande zile wanajulikana waliko, yaani hawako. Namtaja kwa sababu moja tu: alikuwa amejifunza mahali hasa pa kupiga, hivyo risasi ndogo katika bunduki nyepesi ilimtosha kuliko mabomba makubwa waliyobeba wenzake. Mwanangu anapoulizia risasi yenye nguvu kubwa zaidi, jibu langu huanzia hapo.

Hata hivyo, kwa anayetafuta wepesi, kufufua Mauser ni njia ngumu. Mtambo wake ni wa chuma kitupu na ni mrefu, kwa hiyo hata ukifungia risasi fupi bado unabeba urefu wote. Ule wa kijeshi haukutobolewa matundu ya kufungia darubini; mkono wa bolti ukiinuliwa hugonga darubini, hivyo lazima ukatwe na kuungwa upya; kizuizi cha usalama nacho hugeukia juu, mahali palepale ambapo darubini inakaa. Kila marekebisho ni siku ya fundi, na siku ya fundi mzuri wa bunduki kule Marekani haina bei ya mitaani. Ukimaliza yote, ukaweka mtutu mpya na kitako kizuri cha mbao ya mwalnati, utapata bunduki ya kupendeza yenye kilo 3.4 hivi, ambayo ungeweza kumwachia mjukuu. Nyepesi haitakuwa.

Njia ya pili, ile ya kiwandani, watu huidharau kwa kuwa haina hadithi ya kusimulia. Nachukua mfano wa Tikka T3x Lite, inayotengenezwa Finland na kampuni ya Sako, kwa kuwa inapatikana kwa wingi na uzito wake ni karibu kilo 3 bila darubini. Bolti yake huteleza vizuri tangu siku ya kwanza, na kifyatulio kinarekebishika bila kubadilishwa. Kasoro yake, ukiitazama kwa jicho la mtu wa uzito, ni kwamba urefu wa mtambo ni mmoja kwa risasi fupi na ndefu, hivyo anayechagua risasi fupi hapati faida yoyote ya gramu. Kitako chake ni cha plastiki, ni kigumu kiasi cha kutosha, ila ni kizito kuliko inavyolazimu. Kwa upande mwingine kuna bunduki kama Kimber za jamii ya milimani, ambazo mtambo wake umepunguzwa kila upande na uzito wake mtupu huwa chini ya kilo 2.5. Hizo ni nyepesi kweli, na ukizishika dukani unaweza kudhani zimetolewa kitu cha ndani, lakini ndizo zinazonifanya nirudie maneno yangu kuhusu teke.

Njia ya tatu ndiyo yenye mambo mengi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo fedha nyingi hupotelea.

Mjenzi wa bunduki nyepesi ana sehemu nne za kupunguza uzito: mtambo, mtutu, kitako, na darubini pamoja na vishikizo vyake. Wengi huanzia kwenye mtambo, kwa kuwa neno titani linapendeza masikioni. Ni kweli kwamba titani ina uzito wa kama asilimia 57 tu ya chuma kwa ujazo uleule, na kwamba mtambo wa titani huokoa gramu 200 hadi 300, lakini hizo ndizo gramu ghali kuliko zote katika bunduki. Isitoshe, titani ikisuguana na titani hukwaruzana na kushikana, kwa hiyo watengenezaji huweka kichwa cha bolti cha chuma au huipaka bolti tabaka gumu, na bado mwenye nayo hana budi kuipaka grisi kwa bidii.

Mtutu ni suala la kufikiria kwa utulivu. Mtutu mwembamba wa chuma wenye urefu wa sentimita 56 huwa na uzito wa kilo 1 na kitu, na mtu akitaka kuupunguza ana njia tatu: kuufupisha, kuuchimba mifereji kwa nje, au kununua uliovingirishwa nyuzi za kaboni. Kuufupisha kwa sentimita 5 katika ncha yake nyembamba huondoa gramu zisizozidi 50 hivi, na risasi hupoteza mita 15 kwa sekunde au karibu na hapo, jambo ambalo mnyama aliye umbali wa mita 200 hataligundua. Faida yake kubwa ni kwamba bunduki hainasi kwenye matawi. Mifereji ya nje huondoa gramu kama 100, na hupendeza macho. Ama mtutu wa kaboni, hapa ndipo watu wengi hukosea. Kaboni huuwezesha mtutu mnene na mgumu uwe mwepesi kuliko mtutu mnene wa chuma. Haimaanishi kwamba ni mwepesi kuliko mtutu mwembamba wa chuma. Mara nyingi mtutu wa kaboni huwa na uzito sawa na ule mwembamba au hata kuuzidi kidogo, ila unabaki na ugumu wake, na kulenga kwake hakuyumbi upesi risasi zikifuatana. Mtu anayepiga risasi moja au mbili kwa msimu mzima, tena mtutu ukiwa baridi, halipii wepesi hapo, bali analipia utulivu asioutumia. Mtutu mwembamba wa chuma uliotengenezwa kwa uangalifu hupiga vizuri risasi tatu za kwanza, kisha hupata joto na alama huanza kutawanyika; elki hangojei ya nne.

Kitako ndicho mahali pa kukata bila majuto. Cha mwalnati huwa na kilo 1 au zaidi, cha plastiki ya kiwandani kama gramu 900, na cha kaboni huanzia gramu 500 hadi 700. Mbali na uzito, kitako cha kaboni hakinywi unyevu. Yeyote aliyehamisha mlango wa mbao kutoka Kisumu, palipo na joto la ziwa, hadi Nakuru yenye kimo cha mita 1,850 na vumbi kavu la Januari, anajua mbao hufanya nini zikibadilishiwa hewa: husinyaa hapa, huvimba kule, na mlango uliofunga vizuri jana leo hauingii. Kitako cha mbao nacho hufanya hivyohivyo taratibu, kikausukuma mtutu pembeni, na bunduki iliyolengeshwa bondeni ikapiga kando mlimani. Rafiki yangu seremala wa hapa Nakuru aliniuliza kwa nini wazungu wasitumie mvule, maana uzito wake unakaribiana na wa mwalnati. Nilimwambia kuwa nyuzi za mvule zimepishana, kwa hiyo kuichonga ile nakshi ya vishikio ni kazi ya kulia. Akacheka, akasema hata stuli zake humliza.

Juu ya kitako kuna kazi ndogo ambayo haiongezi uzito wa maana lakini huamua kama bunduki nyepesi italenga au haitalenga: kuukalisha mtambo juu ya tabaka la gundi ngumu ya epoksi na nguzo mbili za aluminiamu, ili skrubu zikikazwa zisiupinde. Bunduki nzito husamehe uzembe mahali hapa, ila nyepesi haisamehi. Vilevile nafasi ambamo risasi hukaa, baina ya uso wa bolti na mtutu, lazima ipimwe kwa vipimo maalumu na mtu aliyesomea kazi hiyo, hata kama mtutu umeuzwa kwa ahadi kwamba unaingia moja kwa moja. Nafasi hiyo ikizidi, ganda huweza kupasuka karibu na uso wako. Hapo sipendi kuambiwa habari za video za mtandaoni.

Darubini huchekesha. Nimeona mtu akilipa zaidi ya dola 1,000 kupunguza gramu 300 za mtambo na mtutu, kisha akapanda juu yake darubini ya gramu 800 yenye lenzi kama bakuli la uji. Darubini ndogo, yenye ukuzaji wa mara 2.5 hadi 8 na lenzi ya milimita 36, hupatikana kwa gramu 350 au chini ya hapo, nayo inatosha kabisa kwa mnyama mkubwa katika umbali ambao mtu mwenye akili hufyatua. Vishikizo vya aluminiamu badala ya chuma huongeza nafuu nyingine ya gramu 100 hivi.

Sasa nihesabu kama mwenye duka. Bunduki ya kuundwa, yenye mtambo mfupi wa chuma wa gramu 950, mtutu mwembamba wa gramu 1,100, kitako cha kaboni cha gramu 650, na kifyatulio pamoja na magazini gramu 200, inafika kilo 2.9. Ukiweka titani unashuka hadi 2.65 hivi. Bei yake, kwa vipande vyenye sifa na kazi ya fundi, hupita dola 4,000 kwa urahisi, na kungoja huwa kwa miezi. Tikka iliyotajwa huuzwa kwa bei isiyofika robo ya hapo. Ukiivua kitako cha kiwandani na kuivika cha kaboni unaongeza dola mia kadhaa, na uzito unashuka hadi kilo 2.7 au karibu yake. Yaani iko sawa na ile ya kuundwa, kwa chini ya nusu ya fedha, na unaibeba msimu huuhuu. Tofauti inayobaki baina ya hiyo na zile nyepesi kabisa za chini ya kilo 2.5 ni kati ya nusu chupa na chupa nzima ya maji ya nusu lita, kama zile zinazouzwa dirishani mwa matatu pale stendi ya Nakuru. Nimemwomba mwanangu apande mlima wake mara moja akiwa na chupa hiyo mfukoni na mara moja bila hiyo, kisha aniambie ni dola ngapi angelipa ili aiache nyumbani.

Kuhusu aina ya risasi, nitakuwa mfupi, kwa sababu bunduki nyepesi imekwisha kuchagua kwa niaba yetu. Zile kubwa za aina ya magnamu, zenye baruti nyingi kupita kawaida, ziachwe; katika bunduki ya kilo 2.7 ni mateso. Risasi iitwayo .30-06, ya mwaka 1906, ingali nzuri, lakini inadai mtambo mrefu na teke lake ni zito. .308 Winchester ya mwaka 1952 inapatikana kila kijiji chenye duka. Chaguo langu ni 7mm-08 Remington, iliyotokana na ganda la .308 lililobanwa shingo, kwa kuwa risasi yake ya gramu 9 huenda kwa kasi nzuri na teke lake ni pole kuliko la mama yake. 6.5 Creedmoor ni pole zaidi tena, na kwa kuwindia kulungu wadogo ningeipenda. Kwa elki ningependa kitu kizito kidogo. Wapo wanaofunga kipunguza teke mdomoni mwa mtutu. Hicho hufanya kazi kweli, ila kelele zake huumiza masikio ya mpigaji na ya mwenzake aliye ubavuni, na mwindaji mlimani mara nyingi havai vikinga masikio.

Nani basi achukue nini? Mauser namwachia mwenye kupenda chuma na mbao, ambaye hana haraka, na ambaye hatapanda mbali. Ya kuundwa namwachia mtu mwenye umbo lisilotoshwa na vitako vya kiwandani, mwenye mikono mirefu au anayetumia kushoto, au aliyekwisha kuwinda misimu kadhaa na kujua hasa kinachomsumbua. Huyo atalipia jawabu, si ndoto. Ile nyepesi kupindukia namwachia mwenye kupanda siku saba mfululizo na mwenye bega lililofundishwa. Mwanangu ni mgeni wa milima, msimu wake wa kwanza unakaribia, na mke wake angependa kuona dola zilizobaki. Nimemwandikia achukue ya kiwandani katika 7mm-08, aibadilishe kitako, aweke darubini ndogo, na fedha zinazosalia anunue risasi za mazoezi, apige angalau 60 akiwa amekaa, amepiga magoti na ameegemea begi, kabla ya kugusa mlima.

Amenijibu jana usiku. Kitako ameagiza, lakini ananiuliza kama kuna ubaya akiendelea kuutafuta mtambo wa Mauser polepole, wa kuweka tu.